Binti wa dada yangu amekutwa na donge la nywele tumboni: je, lazima apasuliwe?

MamaMdogo_Tanga

Nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, na zaidi wa yeyote aliyewahi kupitia jambo hili mwenyewe, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu ana kauli yake na siku ya kuamua imekaribia.

Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, binti wa miaka 12 aliye darasa la sita, ambaye alihamia kwangu miaka miwili iliyopita. Tangu Ramadhani amekuwa akilalamika kwamba tumbo linamjaa upesi: anakula matonge matatu ya ugali, kisha anaisogeza sahani. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa za vidonda katika zahanati mbili tofauti, na kwa wiki chache tukaona kama nafuu. Baadaye akaanza kutapika chakula cha jana yake kikiwa hakijasagika, akakonda hadi sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini, na kinywa chake kikawa na harufu nzito ambayo mswaki hauiondoi. Mwezi huu nilipokuwa nampaka mafuta ya nazi, niligusa chini ya chembe cha moyo, kuelekea mbavu za kushoto, kitu kigumu cha ukubwa wa embe dodo ambacho ukikisukuma kinasogea kidogo.

Katika zahanati ya kwanza ultrasaundi ilitajwa kuwa na "gesi nyingi", tukarudishwa nyumbani. Hospitali ya mkoa ndiko walikotilia shaka, wakampiga picha ya ndani kwa mashine ya CT, na daktari akaniita pembeni akaniambia kwamba tumbo la mtoto limejaa nywele. Wingi wa damu yake uko chini, ni 7.8. Wanashauri apasuliwe wiki ijayo.

Mama yangu, ambaye ni bibi yake, anashikilia kwamba mtoto amelishwa, kwa kuwa nywele haziingii tumboni mwa mtu kwa heri. Shemeji yangu anasema lazima ipo dawa ya kuyeyusha. Mwingine ameniuliza kwa nini wasimwingizie kamera mdomoni wakazivuta, kama anavyotolewa mtoto aliyemeza sarafu. Mimi linalonisumbua zaidi ni hili: mtoto huyu ananyolewa kila baada ya wiki tatu kwa kanuni ya shule. Nywele za kula amezipata wapi? Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali, anainamisha kichwa tu.

Je, kuna njia isiyo ya kisu? Na akishapasuliwa, yamekwisha?

Mzee_wa_Kibaraza

Pole sana, mwanangu. Mimi si mganga wala daktari, ila nimeona mambo. Jirani yetu hapa aliwahi kuzibwa tumbo na makapi ya matunda, wakamnywesha soda nyeusi hospitalini, chupa baada ya chupa kwa siku mbili, na donge likalainika bila kuguswa na kisu. Pili, papai bichi. Muulize muuza mishkaki yeyote anailainisha vipi nyama ya ng'ombe mzee. Anaipaka papai bichi, na ikikaa saa chache inakatika kwa ulimi. Kama papai linaweza nyama, litashindwaje nywele? Ningekuwa mimi ningejaribu hayo kwanza, kwani mtoto wa kike kuishi na kovu la tumbo si jambo dogo.

Daktari_wa_Kisu

Mama Mdogo, pole kwa mwendo mrefu. Mzee, shikamoo. Nitaanza na hoja zako kwa sababu si za kupuuzwa. Ni kweli nusu yake, na hapo ndipo penye hatari.

Madonge yanayokaa tumboni, ambayo sisi huyaita bezoa, ni ya aina kadhaa. La jirani yako lilikuwa la nyuzi za matunda na mboga, na hilo soda nyeusi huliweza mara nyingi, hata pale linapobakia gumu kiasi huwa limelainika vya kutosha kumegwa kwa kamera. Papai nalo lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huvunja protini za nyama, na madaktari wa zamani walikitumia kwa madonge ya aina hiyo hiyo. Lakini nywele zimejengwa kwa keratini, protini iliyofungamana kwa vifungo vya salfa ambavyo asidi ya tumbo haivikati, papaini haivikati na soda haivigusi. Angalia tundu la maji machafu la bafuni kwako: sabuni imepita humo miaka kumi, mafuta yamepita, maji ya moto yamepita, na ukilifungua unakuta nywele zilezile. Na hicho chenye kulainisha nyama ya mishkaki, Mzee, kikimiminwa kwa wingi katika tumbo lenye donge, nyama kitakayoikuta ni ukuta wa tumbo lenyewe. Wagonjwa wameshapata vidonda kwa njia hiyo.

Sasa kuhusu donge lenyewe. Unywele mmoja uliomezwa kwa bahati mbaya kwenye pilau hauna neno. Utatoka na choo. Zikimezwa nyingi, tena mara kwa mara, zinakwama katika mikunjo ya tumbo, kwa kuwa ni laini na zinateleza kiasi kwamba misuli ya tumbo inaposukuma haipati pa kuzishika. Chache zilizobaki zinazishika zinazofuata, ute unazigandisha, mabaki ya chakula na mafuta yanaingia katikati na kuoza, na hiyo ndiyo harufu ya kinywa uliyoisema. Miezi ikipita, mara nyingi miaka, donge linachukua umbo kamili la tumbo kama uji ulioganda kwenye kibuyu. Asidi huzigeuza nywele kuwa nyeusi hata kama mwenyewe alikuwa na mvi. Chakula kikikosa nafasi, mtoto anashiba kwa matonge matatu. Dawa za vidonda zilimpa nafuu ya muda kwa sababu donge linakwaruza ukuta wa tumbo na kweli huleta vidonda.

Kwa kamera ya mdomoni: sarafu ni kitu kimoja kigumu, unakibana na kukivuta. Donge hili ni kubwa kuliko njia ya koo na limesokotana, hivyo kila ukibana unatoka na nyuzi chache, unaingia tena, unatoka tena, na koo linachubuka. Vipande vinavyokatika vinaweza kushuka na kuziba utumbo mbele. Mapitio ya taarifa za wagonjwa yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba majaribio ya kulitoa kwa kamera yalifanikiwa kwa asilimia 5 tu, upasuaji wa matundu madogo kwa asilimia 75, ilhali kufungua tumbo kulifanikiwa karibu kila mara. Kamera ina kazi yake, nayo ni kuthibitisha kilichomo. Upasuaji wa matundu madogo unawezekana kwa mikono iliyouzoea, lakini huchukua muda mrefu zaidi, na kuna hofu ya nywele chafu kumwagika ndani ya tumbo. Kwa donge la ukubwa wa embe dodo ningefungua, na ningelala usingizi.

Operesheni yenyewe haina maajabu. Mtoto atalazwa kwa nusukaputi, tumbo litafunguliwa juu ya kitovu, kingo za kidonda zitafunikwa kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ili uchafu usizifikie, kisha ukuta wa mbele wa tumbo la chakula utachanwa na donge litoke zima. Linalotakiwa kuangaliwa sana ni mkia. Wakati mwingine donge huteremsha mkia wa nywele kupita mlango wa chini wa tumbo hadi utumbo mwembamba. Madaktari Vaughan, Sawyers na Scott walilieleza hilo mwaka 1968 na kuliita kwa jina la Rapunzel, binti wa ngano ya Kijerumani aliyekuwa na nywele ndefu kupita kiasi. Mkia ukivutwa kwa pupa hukatika, na kipande kilichoachwa humrudisha mgonjwa mezani. Kwa hiyo muombe daktari wako, kwa heshima, akuhakikishie kwamba utumbo wote utapapaswa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatachukia, yeye mwenyewe atakuwa amekusudia hivyo. Baada ya hapo mtoto atakuwa na mpira wa puani kwa siku kadhaa, ataanzishwa maji, kisha uji mwepesi, na mambo yakienda vizuri hurudi nyumbani baada ya takriban wiki moja. Tatizo linaloonekana zaidi ni kidonda cha nje kupata usaha.

Kabla ya hapo damu yake inahitaji kushughulikiwa, na mtaalamu wa usingizi ataamua kama aongezewe. Maji na chumvi alizopoteza kwa kutapika zirudishwe pia. Na usiisubiri wiki ijayo iwapo maumivu yatakuja ghafla na kwa nguvu, tumbo likawa gumu kama ubao, akatapika nyongo ya kijani, akapata choo cheusi kama lami, au akakosa choo na upepo kabisa. Hizo ni dalili za tumbo kutoboka, kuvuja damu au utumbo kuziba au kujikunja, na mtoto anapelekwa usiku huohuo.

Mama yako asibezwe. Neno bezoa lenyewe lilitoka kwa Waajemi, *padzahr*, yaani kinga ya sumu. Mawe yaliyotolewa matumboni mwa mbuzi yaliuzwa kwa dhahabu kwa watu waliohofia kulishwa sumu, mpaka daktari wa Kifaransa Ambroise Paré alipoyajaribu mwaka 1567 kwa mpishi aliyehukumiwa kifo kwa kuiba vyombo vya fedha. Mpishi alikunywa sumu, akapewa jiwe, akafa baada ya saa chache. Kwa hiyo huko nyuma donge la tumboni lilisemwa kuwa dawa ya kulishwa. Leo linasemwa kuwa ushahidi wa kulishwa. Hakuna aliyemlisha mtoto huyu.

Nina swali moja. Umesema ananyolewa. Hapo nyumbani nani anasuka?

MamaMdogo_Tanga

Daktari, umenikalisha chini. Anayesuka ni mimi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba, na tangu mtoto aje, akitoka shule huwa anakaa hapo kwenye jamvi akinisubiri, hasa siku za Alhamisi na Ijumaa ninapofanya kazi hadi saa nne usiku. Nilikuwa namsifu kwa wateja kwamba ni mtoto mtulivu. Baada ya kusoma swali lako niliinua godoro lake. Nilikuta mafungu madogo yaliyosokotwa kwa vidole hadi yakawa kama tambi, mengine ni nywele za wateja na mengine ni rasta, na pia blanketi lake limeng'olewa manyoya upande mmoja mpaka linaonyesha uzi. Sikumpiga. Nilitaka, lakini nilirudisha godoro, nikatoka nje.

Je, rasta ni mbaya zaidi kuliko nywele? Na huyu mtoto ana ugonjwa wa akili, au ni mchezo mbaya tu?

Daktari_wa_Kisu

Kwa tumbo hazina tofauti ya maana. Rasta ni plastiki iliyovutwa kuwa uzi, nayo haimeng'enywi hata chembe. Madonge ya nyuzi za mazulia, mablanketi na masweta yanajulikana pia. Mwambie daktari wako ulichokikuta chini ya godoro, na swali lako la pili namwachia mwenye fani.

Muuguzi_Afya_ya_Akili

Dada, ulivyotoka nje bila kumpiga ulifanya tiba ya kwanza, na ningependa uelewe ni kwa nini.

Madonge haya huwapata zaidi wasichana, na hasa walio katika umri wa kubalehe. Wengi wao hung'oa nywele zao wenyewe na kuzila, lakini wapo wanaokula za wengine au za bandia kama huyu wako. Kung'oa nywele kumewekwa na wataalamu wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013, kwenye kundi moja na maradhi ya mawazo na matendo yanayojirudia bila mtu kuyataka. Kula visivyo chakula ni mlango mwingine, ndugu wa kula udongo na mkaa tunaouona kwa akina mama wajawazito. Nisingemwita mtoto wako mwendawazimu na nisingemwita mkaidi. Mkono unakwenda wenyewe wakati mtu amechoka, ana upweke, anasubiri au anatafuta usingizi, na anapogundua, unyuzi tayari uko kinywani. Ukimwuliza kwa nini, anainamisha kichwa kwa sababu kweli hajui, na aibu yake ni kubwa kuliko yako.

Jambo la pili ni damu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kumfanya mtu atamani kula visivyo chakula. Nimewaona wanaotafuna barafu bakuli zima na wakaacha wenyewe baada ya kutibiwa damu. Kwa huyu binti mambo yanazunguka: upungufu huenda umechochea hamu, donge limemzuia kula na huenda linamvujisha damu kidogo kidogo, upungufu unaongezeka, na hamu nayo. Kwa hiyo asipimwe wingi wa damu peke yake. Apimwe na akiba ya chuma mwilini, na akianzishwa vidonge vya chuma visikatishwe siku wingi wa damu unapofikia kiwango. Kwa kawaida huendelea miezi mitatu hivi baada ya hapo, ili akiba nayo ijae. Choo kitakuwa cheusi kwa ajili ya vidonge. Muulize daktari mapema, usije ukakichanganya na choo cha damu ulichoonywa hapo juu.

Swali lako la kwanza lilikuwa kama akishapasuliwa yamekwisha. Kisu kinatoa kilichomezwa. Hakigusi mkono unaokwenda kinywani. Wapo waliopasuliwa mara mbili, hata tatu, kwa sababu walirudishwa nyumbani na karatasi ya kliniki ya kidonda peke yake. Omba kabla hajaruhusiwa kutoka wodini aonane na mtu wa afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo hicho siku hizi, na pakikosekana anaweza kupewa rufaa ya kwenda Muhimbili, ambako idara ipo. Matibabu yenye ushahidi mzuri zaidi ni mazoezi ya kubadili tabia, yaliyoanzishwa na Azrin na Nunn mwaka 1973. Mtoto anafundishwa kwanza kuutambua mwendo wenyewe kabla haujafika mwisho: mkono umeinuka, vidole vinasugua unyuzi, ulimi unausubiri. Kisha anapewa tendo lingine lisiloweza kufanyika pamoja na lile, kama kufumba ngumi au kushika kazi ya mikono, analifanya kwa dakika moja au zaidi hadi hamu ipite, na mtu mmoja wa nyumbani anamsaidia kwa kumkumbusha bila kelele. Vidonge havina nafasi kubwa hapa. Kuna dawa iitwayo asetilisisteini iliyowasaidia watu wazima katika jaribio la mwaka 2009, lakini ilipojaribiwa kwa watoto mwaka 2013 haikuwa bora kuliko kidonge kitupu.

Nyumbani fagia saluni baada ya kila mteja badala ya jioni, rasta zifungiwe kabatini, blanketi la manyoya libadilishwe kwa shuka zito. Usimfanye kuwa hadithi ya kuwasimulia wateja, hata kwa nia njema. Na miezi michache baada ya operesheni aombewe ultrasaundi, hata akiwa anakula vizuri.

Binti_wa_Kisumu

Sijawahi kuandika hapa, nasoma tu. Mama Mdogo, mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 16, na sasa nina 27. Nitaeleza yale ambayo madaktari hawawezi kuyaeleza.

Mimi nilikuwa nazing'oa za kwangu, kisogoni, mahali panapofichwa na kitambaa. Kila unywele una kijimzizi cheupe chenye unyevu, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nilikipitisha kati ya meno ya mbele, kikatoa sauti ndogo ambayo niliisikia mimi tu, kisha ndipo nikameza. Haikuwa na ladha. Ilinituliza. Mama alipogundua upara alidhani ni mba, akaninunulia dawa za kupaka kwa mwaka mzima, nami nikamwacha anunue kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Operesheni haikuniuma kama nilivyoogopa. Kilichoniuma ni siku ya pili, nilipoamka nikaona wanafunzi wa udaktari wamezunguka kitanda, donge langu likiwa kwenye beseni, wakipiga picha kwa simu na kuziba pua, na hakuna aliyeniuliza kama niko macho. Hospitali siitaji. Miaka 11 imepita, na bado nikisikia kitu kinawekwa kwenye beseni la bati, tumbo linanikaza. Kwa hiyo nakuomba: kabla ya operesheni mwambie daktari kwamba picha zisipigwe bila ruhusa yako, na kwamba binti asionyeshwe donge isipokuwa akitaka mwenyewe. Wengine hutaka. Mimi sikutaka.

Ilinirudia mara moja, wakati wa mtihani wa kidato cha nne. Safari hiyo nilimwambia mama siku ya tatu, tukarudi kliniki, ultrasaundi ikawa safi, nikaanza upya na yule mshauri. Niliweza kusema kwa sababu mara ya kwanza hakunipigia kelele. Kovu lipo, lina urefu wa kiganja changu, na mume wangu analijua lilivyokuja. Mzee wa Kibaraza, shikamoo, na kwa kovu usiwe na wasiwasi.

Mzee_wa_Kibaraza

Marahaba, mjukuu wangu. Nimesoma yote mara mbili. Ushauri wangu wa papai nauondoa, na Mama Mdogo asiufuate.

MamaMdogo_Tanga

Nimerudi kuleta habari, nikiwa nimechelewa kwa sababu ya pirika za wodini.

Aliongezewa chupa mbili za damu, akapasuliwa Jumanne asubuhi, na operesheni ilichukua saa mbili kasoro. Mkia ulikuwepo, si mrefu sana, ulifika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ukatoka pamoja na donge bila kukatika. Daktari hakungoja niulize. Alitoka akaniambia mwenyewe kwamba utumbo wote ameupapasa hadi mwisho na ni mtupu. Nilimweleza kuhusu picha, akasema ni haki yangu, na hakuna mwanafunzi aliyekaribia kitanda.

Mimi niliomba kuliona. Liliwekwa kwenye mizani ya kupimia watoto wachanga, likasoma gramu 610. Lilikuwa jeusi tii, limeng'aa kwa ute, na limejikunja kwa umbo ambalo sasa najua ndilo umbo la tumbo la mtoto wa miaka 12. Katikati ya weusi ule palikuwa na mstari mwembamba wa rasta ya rangi ya damu ya mzee. Nywele zote zilikuwa zimebadilika rangi, rasta haikubadilika, na ile rangi nilikumbuka mara moja: nilimsukia bwana-harusi wa Barabara ya Kumi dada zake watatu, Idi ya mwaka juzi, na sijawahi kununua rangi hiyo tena. Yaani alianza wiki zile zile alipohamia kwangu.

Siku ya tatu mpira wa puani ulitolewa, siku ya nne akaanza uji, siku ya tisa tukarudi nyumbani. Kidonda kilitoa majimaji kidogo upande mmoja, kikasafishwa, kimekauka. Akiba yake ya chuma ilikuwa chini sana kama Muuguzi alivyohisi, na anakunywa vidonge. Tumeshaonana mara mbili na mtaalamu wa afya ya akili pale pale hospitalini. Safari ya pili mtoto alizungumza. Alisema zilikuwa zinakuja mikononi mwake wakati ananisubiri nimalize, na kwamba alikuwa anajua Alhamisi itakuwa ndefu. Sasa Alhamisi nafunga saa kumi na mbili.

Mama yangu hajasema tena habari za kulishwa, wala hajasema kwamba alikosea. Alichofanya ni kuja na mzigo wa miyaa, majani ya kusukia mikeka, kutoka Pangani, akamkalisha mtoto ukumbini, akaanza kumfundisha kusuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka. Mtaalamu amelipenda jambo hilo kwa sababu mikono yote miwili inakuwa kazini. Amefikia pima mbili, unapinda huku na huku kama njia ya nyoka, lakini hauachii.

Muuguzi, nina swali moja limebaki. Wasukaji wa ukili huilowesha miyaa ili isikatike, na nimeona yeye anapitisha ncha mdomoni badala ya kuchovya kwenye maji. Hamezi, nimechunguza. Je, nimkataze?

Muuguzi_Afya_ya_Akili

Usimkataze kusuka, na usimkemee kwa mdomo. Weka bakuli la maji kati yake na bibi, na bibi awe anachovya miyaa yake humo bila kusema neno. Ukiona bado anapitisha mdomoni baada ya wiki mbili, mtajie mtaalamu katika kliniki ijayo, mkiwa wote watatu mmekaa, naye akisikia.

MamaMdogo_Tanga

Bakuli limeshawekwa. Ahsanteni.